Enyi Mnaomshangilia Muuaji

Sikieni, wanaume wa Sapiwi. Sikieni na ninyi wa Bariadi mjini, wa Itilima na Maswa, wa Meatu na Busega, kwa maana neno hili haliishii kwenye mpaka wa kata moja. Pamba ikishauzwa na fedha ikaingia mikononi mwenu, jioni mnakwenda kwenye kibanda umiza. Mnabanana kwenye mabenchi, turubai linashushwa mlangoni, na mbele yenu mtu mmoja wa Marekani anaua watu hadi usiku wa manane. Kila anapoua, mnapiga makofi. Akichinja, mnasimama na kupiga mbinja. Watoto wenu wa darasa la tatu wamekaa chini miguuni penu, nao hawatazami picha peke yake. Wanazitazama nyuso zenu, wajifunze kwazo mwanaume hufurahia nini.

Nawakaripia kwa makofi hayo.

Siwakaripii kwa kupumzika. Aliyeshinda shambani kutwa nzima akipalilia ana haki ya kukaa akatazama picha. Wala sisemi kwamba kila filamu itokayo Marekani ni takataka. Zimo zenye hekima, na nitazitaja. Neno langu ni juu ya mtu mliyemchagua kumpenda ndani ya filamu hizo, na juu ya yale mnayoyafanya mkishatoka nje.

Mtu huyo mnamwita steringi, na sheria zake mnazijua kwa moyo. Steringi hafi. Haendi mahakamani kwa sababu hakimu amehongwa, wala haendi polisi kwa sababu polisi wamelala. Mke wake anauawa dakika za mwanzo ili yeye apate ruhusa ya kufanya apendavyo katika dakika zote zilizobaki. Hana haja ya kuuliza. Anamtazama mtu, anajua kuwa ni mbaya, anamuua, na hajawahi kukosea. Katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anaingia kisiwani peke yake kumfuata binti yake aliyetekwa, anaua makumi ya askari kwa risasi, kwa mabomu, kwa shoka na zana za bustani. Hakuna askari hata mmoja kati ya wale anayetajwa kwa jina. Hakuna anayezikwa. Hakuna mama anayekuja kuuliza mwanangu yuko wapi. Wanaanguka, na picha inasonga mbele juu ya miili yao.

Mikanda hiyo iliingia nchini kwa wingi tangu miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa. Dar es Salaam wakatokea wasimulizi, marehemu Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu, akiwa mmoja wa waliotangulia. Wakaweka Kiswahili juu ya Kiingereza, na mkulima asiyejua hata neno moja la Kimarekani akaelewa kisa chote. Jina la Rambo likawa jina la mifuko ya plastiki, tukabebea dagaa na sukari ndani ya Rambo hadi serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019. Heshima kubwa namna hiyo mlimpa mtu msiyemjua.

Mjueni basi. Vita ya Vietnam iliwashinda Wamarekani. Majeshi yao yaliondoka mwaka 1973, na tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ikaanguka. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikuwa wamekufa, na Wavietnam kwa mamilioni. Miaka 10 baadaye, mwaka 1985, Hollywood ikamrudisha Rambo katika misitu ile ile na upinde wake, akawapiga Wavietnam na Warusi waliokuwa pamoja nao, akarudi na mateka. Vita waliyoipoteza kwa damu wakaishinda kwa filamu. Lile ni taifa lililoumia likijitafutia faraja, na huenda lina haki ya kufarijika. Lakini ninyi hamkuwa na kidonda kile. Mmekunywa dawa ya mgonjwa mwingine, na sasa inawaharibu matumbo.

Na John Wayne, baba wa masteringi wote wa vita na wa kauboi, yule sajini wa Sands of Iwo Jima ya mwaka 1949? Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa hakuwa askari. Alibaki Hollywood akitengeneza filamu. Aliyepigana kweli ni Audie Murphy, kijana maskini wa Texas aliyerudi na nishani tele kifuani, kisha akaigiza maisha yake mwenyewe katika To Hell and Back mwaka 1955. Huyo usingizi ulimkimbia. Miaka mingi baada ya vita alikuwa bado analala na bastola chini ya mto.

Hamhitaji kwenda Texas kuliona hilo. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilikua kwa muda mfupi kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000, na miongoni mwa walioongezeka walikuwamo mgambo, watu waliotolewa mashambani na jembe likiwa bado lina udongo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wazee waliovuka mto Kagera wangali hai katika vijiji vyetu. Kaeni nao. Aliyeyaona mauaji kwa macho yake husimulia safari, njaa, matope, mvua, rafiki aliyebaki njiani. Akifika kwenye kuua, anaomba maji ya kunywa na kubadilisha mazungumzo. Lile linalomfunga mdomo mzee huyo ndilo mnalolilipia kiingilio mkalishangilie.

Nakuja kwenu wafugaji. Mnampenda kauboi kwa sababu ana ng'ombe, na analala nje nao, na yuko tayari kufa kwa ajili yao. Nawauliza: katika picha ile, ninyi mngekuwa nani? Jibuni kwa haki. Katika Stagecoach, filamu ya John Ford ya mwaka 1939 iliyomfanya Wayne kuwa mtu mkubwa, gari la farasi linakatiza nyika na Waapache wanalifukuza. Wanaanguka mmoja mmoja. Hakuna anayesimama kueleza kwamba nchi ile ilikuwa yao, kwamba gari ndilo lililoingia malishoni mwao. Waigizaji waliowekwa kuwa Waapache walikuwa Wanavajo, wenyeji wa Monument Valley ilikopigwa sehemu ya picha. Kwa aliyeshika kamera, Mhindi Mwekundu yeyote alitosha.

Kisha Wayne akaja kwetu. Kabla tu ya uhuru, Howard Hawks alikuja Tanganyika kupiga filamu ya Hatari!, kule Arusha chini ya Mlima Meru, na ikatoka mwaka 1962 nchi ikiwa imeshajitawala. Wazungu wanakimbiza vifaru na twiga kwa magari, wanawanasa kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Wao wanapendana, wanagombana, wanaugua, wanacheka. Weusi wanashika kamba. Hiyo ndiyo nafasi mliyotengewa katika filamu yenye jina la lugha yenu, iliyopigwa katika ardhi yenu. Na mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu, wengi wao Wasukuma, mifugo yao ikaswagwa hadi Lindi na mingine ikafia njiani, hakutokea kauboi wa kuwatetea. Mlionekana kundi tu, wavamizi wasio na sura. Uchungu huo mnaujua. Mbona basi Mwapache akianguka mnacheka?

Mtanijibu: mauaji ya Usukuma hayakuletwa na video. Ni kweli, na kweli hiyo inawahukumu zaidi. Vikongwe walikatwa mapanga kabla kibanda cha kwanza hakijafunguliwa. Filamu iliwakuta na panga mkononi, ikawaambia mko sawa.

Mwaka 1976 serikali ilituma watu wake Mwanza na Shinyanga, na Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga, wakawasake wauaji wa wale waliosingiziwa uchawi. Kazi ilikuwa ya haki. Lakini wasakaji wakajifanya masteringi. Walikamata ovyo, wakapiga, wakatesa, na mahabusu wakafia mikononi mwao. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mkono wake haukumgusa mtu. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwa sababu watu walikufa chini ya dhamana yake. Angeweza kusema ni askari wa chini. Angeweza kusema waliouawa nao walikuwa wauaji. Alikubali kwamba damu ile inamhusu, akaacha kiti. Baadaye akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano mwaka 1985, na alipofariki Februari 2024 kujiuzulu kule kulitajwa tena nchi nzima. Yeyote anayetafuta mwanaume wa kumwiga, kisa hiki kimetokea hapa, juu ya udongo wenu. Mtoto gani wa Sapiwi amesimuliwa? Anajua idadi ya watu waliouawa na Rambo, na hajui kwa nini waziri mmoja aliacha kazi kwa ajili ya mahabusu wa Mwanza na Shinyanga.

Iko filamu ya Marekani ambayo sijawahi kusikia ikioneshwa kibandani. Inaitwa The Ox-Bow Incident, ya mwaka 1943, iliyoongozwa na William Wellman. Ni ya kauboi, na ni ya wizi wa ng'ombe. Habari inafika mjini kwamba mfugaji mmoja ameuawa na wezi wamekimbia na mifugo yake. Mkuu wa polisi hayupo. Watu wanakusanyika, wanaume wa kawaida, wenye wake na watoto, na mmoja wao mwenye sauti kubwa anajipa ukubwa. Usiku wanawakuta watu watatu wamelala kando ya moto, mmoja wao kikongwe aliyechanganyikiwa akili, na ng'ombe wa yule mfugaji wapo pale pale. Kijana wao anasema: niliwanunua kwake. Wanamwambia: toa hati ya mauziano. Hana. Anaomba wasubiri, waulize, wamfikishe mbele ya sheria. Inapigwa kura. Saba wanasimama upande wa kusubiri, wengine wote wanasimama upande wa kamba. Anaandika barua kwa mkewe. Alfajiri wananyongwa wote watatu.

Wakiwa njiani kurudi wanakutana na mkuu wa polisi. Mfugaji hajafa. Waliompiga risasi wameshakamatwa.

Ndipo wanaume wale wanaingia baa na kusimama kaunta bila kusemezana, na mmoja wao anasoma barua ya marehemu kwa sauti, na hakuna anayeweza kuinua macho. Wanachanga fedha kwa ajili ya mjane. Hapo ndipo filamu inapowaacha wengi wao, na glasi zao mbele yao.

Enyi wa Sapiwi, mnakifahamu kisa hicho bila kuiona filamu. Mtu ametoka mnadani na ng'ombe wawili, karatasi imelowa au hakupewa, njia ni ya usiku. Mwano, ukunga wa hatari, unapigwa. Anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, kitongoji kwa kitongoji, na watu wanatoka na marungu, mapanga na mishale. Anayefika wa kwanza ana swali. Anayefika wa thelathini hana swali tena, ana rungu tu. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na hapo kila mmoja wenu anajificha ndani ya maneno hayo kama aliyejificha kwenye mtama uliokomaa. Nani wananchi hao? Wana majina. Mmoja ni mwalimu wa kwaya. Mmoja ana duka la pembejeo. Mmoja alimwua mtu aliyetoa ombi lile lile la kijana wa filamu, kwamba subirini hadi asubuhi tumwite aliyeniuzia, na asubuhi aliyeuza akaitwa, akasema ndiyo, nilimuuzia.

Msiniambie kwamba napinga ulinzi. Nakumbuka sungusungu walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita ya Kagera ilikuwa imeacha silaha mikononi mwa watu wasiostahili, wizi wa ng'ombe ulikuwa umegeuka ujambazi wa bunduki, na Wasukuma na Wanyamwezi wakajipanga wenyewe kwa upinde na filimbi wakaurudisha usingizi wa vijiji. Serikali ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini hata wakati ule, mkono uliomshika mwizi wa ng'ombe ulinyooshwa pia kwa mama mzee asiye na mume. Aliyepewa kazi ya kukamata akajipa na ya kuhukumu, na ya kuua. Lindeni. Kamateni. Mkishakamata, mikono ishuke.

Sasa nafika kwa huyo mama.

Asubuhi mnampitia njiani mkampa salamu, mwangaluka, mayu, naye anaitikia. Macho yake ni mekundu na sababu mnaijua. Maisha yake yote amepika juu ya samadi ya ng'ombe na mashina ya pamba yaliyong'olewa, kwa kuwa miti ya Usukuma ilifyekwa kupisha pamba na kuwafukuza mbung'o, na kuni zikawa za kutafutwa mbali. Moshi wa kuwapikia ninyi ugali ndio uliompa macho hayo. Anakufa ndama, anaugua mtoto, mgomba hauzai, na mmoja wenu anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli naye ni mtunzi wa filamu: anajua kwamba mteja wake amekuja na adui tayari moyoni, kazi yake ni kumpa sura. Anasema ni mwanamke, ni mzee, yuko karibu, macho yake mekundu. Ng'ombe anauzwa. Wakata mapanga wanakuja usiku usio na mbalamwezi. Na mara nyingi aliyeuza ng'ombe ni mtoto wa marehemu au wa shemeji yake, na baada ya matanga shamba linagawanywa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika juu ya mauaji haya ya Kanda ya Ziwa mwaka hadi mwaka. Imekuwa kama kuandika juu ya maji.

Ole wako wewe uliyemlipa muuaji kisha ukavaa nguo nyeusi na kupokea rambirambi. Ole wako mpiga ramli, uliyekula ng'ombe wa damu. Na ole wako mwanaume uliyelala kitandani ukasikia kelele ya mama huyo usiku, ukajua ni nani, ukavuta shuka.

Ninyi mlikuwa na shujaa wenu. Mababu zenu waliwasimulia vijana habari zake shikomeni, kwenye moto wa jioni, kabla hamjaanza kulipa kiingilio ili mfundishwe uanaume na wageni. Masala Kulangwa. Dubwana Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akazaa mtoto wa kiume. Mtoto akakua akauliza, mama, mbona tuko wawili tu, watu wako wapi? Alipoambiwa, akatoka kulitafuta dubwana. Siku ya kwanza akaua panzi, akarudi akiimba ushindi kwamba ameliua. Mama akamwambia, mwanangu, huyo ni panzi. Siku nyingine akaua ndege, akaimba tena. Mama akamwambia, huyo ni ndege. Akaleta swala, mama akamwambia, huyo ni swala, siye.

Mmepoteza sauti ya mama yule. Hakuna aliyebaki wa kuwaambia huyu siye. Kijana anamwona mpita njia na ng'ombe wawili, anaimba ushindi, na kijiji kizima kinaitikia. Anamwona bibi kizee kwenye kibanda cha nyasi, anapiga kelele Shing'weng'we, na baba yake badala ya kumwambia mwanangu huyo ni bibi yako, anamnolea panga. Kila panzi kwenu ni dubwana. Na dubwana lenyewe, lile linalomeza mifugo na watu, yaani ukame na deni la pembejeo na mtoto anayekufa kwa malaria kwa kuwa zahanati haina dawa, hilo hamjawahi kulitafuta hata siku moja, kwa sababu kulitafuta kunataka akili na muda, na kikongwe hana mbio.

Kisa hakiishii hapo. Masala Kulangwa alilipata dubwana, akaliua, akalipasua, na ndani yake wakatoka baba yake na watu wote waliomezwa. Katika kupasua, kisu chake kikamkata sikio mwanamke mmoja mzee. Mwanamke huyo akakasirika, akamtukana, akataka kumroga. Angalieni vizuri: hapa hakuna kusingiziwa. Kisa chenyewe kinasema alitaka kumroga. Na Masala Kulangwa ndiye aliyekuwa ameliua Shing'weng'we kwa mikono yake. Kumwua bibi kizee kungemchukua muda wa kupepesa jicho, na dunia nzima aliyoiokoa ingemshangilia. Akatafuta dawa akamponya sikio. Baada ya hapo watu wakamfanya mtemi.

Hiyo ndiyo sifa mababu zenu waliyoiweka mbele ya kiti cha utemi: alimtibu yule aliyejeruhiwa naye, hata huyo aliyekuwa akimtafutia mabaya. Wao hawakuwa na shule wala umeme. Ninyi mna vyote viwili na mmeshindwa kufika walipofika.

Hata huyo Rambo wenu hamkumwangalia hadi mwisho. Katika filamu ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, anakufa mtu mmoja tu. Na mwisho wake Rambo anaanguka chini mbele ya kamanda wake wa zamani na kulia kama mtoto, akimtaja rafiki aliyekatika vipande mikononi mwake. Hapo ndipo kibandani watu husimama kutafuta viatu.

Na katika High Noon ya mwaka 1952, Gary Cooper ni mlinzi wa amani wa mji mdogo, na muuaji anakuja kwa treni ya saa sita mchana kukutana na wenzake. Anakwenda baa kuomba watu wa kusimama naye, hakuna. Anakwenda kanisani, ibada inaendelea. Waumini wanajadiliana kwa heshima, wanamsifu, na mwisho hakuna anayetoka naye. Mji mzima unajifungia ndani. Baada ya hatari kupita wanatoka wote barabarani, naye anaitupa nyota yake mavumbini mbele yao na kuondoka. Watazamaji wengi hujiona ni Cooper. Mimi nawaambia ninyi ni wale wa kwenye mabenchi ya kanisa. Kesi ngapi za mauaji zimefutwa kwa sababu shahidi hakufika? Mpelelezi anakuja kijijini, anakaa chini ya mti siku nzima, na wanaume waliozijua sauti za wauaji usiku wanamwambia hatukusikia kitu. Mnaogopa. Nakubali kwamba mnaogopa. Kulipiziwa kisasi ni jambo la kweli. Lakini mtu anayeogopa kusema jina moja mbele ya hakimu asijifunze ujasiri kwa kumshangilia anayeua themanini.

Mwenye kibanda, usiwaingize watoto usiku. Unajua umri wao kwa kuwatazama. Ninyi wasimulizi mlio na kipaji cha kuongeza maneno pasipo na maneno, mna uwezo wa kumpa jina yule askari anayeanguka, kusema ana mama, kusema mama yake anaitwa nani. Fanyeni hivyo mara moja tu muone kama kibanda hakitanyamaza. Wachungaji na mapadri, msisubiri mazishi ya kikongwe mwingine ndipo mhubiri juu ya ramli. Na wewe baba, mwanao akirudi akiimba kwamba ameua, muulize ameua nini.

Waliomkatakata mama yule mnawajua. Mnawajua kwa sauti, kwa viatu, kwa fedha walizotumia wiki iliyofuata. Nendeni kituo cha polisi Bariadi, nendeni wengi kwa pamoja ili asitengwe mmoja, mkawataje. Siku ya kesi ikipangwa, fikeni.